Jicho la Pili Tumboni

Leo tunaingia chumba cha upasuaji, na ninaomba tuanze kwa kumtazama daktari. Kwa mgonjwa tutarudi baadaye.

Mgonjwa kalala, kapewa usingizi, tumbo limepakwa dawa na kuzungushiwa shuka za kijani. Daktari bingwa amesimama kando ya kitanda, ameshika vyuma viwili virefu vilivyozama tumboni kupitia matundu madogo ambayo kidole chako kingepita kwa shida. Lakini tumbo lenyewe halitazami. Shingo kaiinua, macho kayakaza kwenye skrini iliyosimama upande wa pili wa kitanda. Kwa saa nzima, pengine zaidi, kila anachokibana, anachokikata na anachokishona anakiona kwenye skrini ile tu. Skrini ikimdanganya, mkono wake unakosea, na anayelipa ni yule aliyelala.

Ndiyo maana leo nazungumzia skrini hiyo. Madaktari wanaofanya upasuaji wa matundu madogo wamejadiliana kwa zaidi ya miaka 30 kama picha ile iendelee kuwa bapa, jinsi tunavyoiona televisheni nyumbani, au iwe ya pande tatu, picha yenye kina, ambayo daktari akiitazama anaona kipi kiko karibu naye na kipi kiko nyuma. Mjadala huo unatuhusu. Hospitali zetu nazo zimeanza kufikiwa na wauzaji wa mitambo hii, na fedha zitakazotumika ni za umma na za wagonjwa.

Kama umekaa na huendeshi gari, hebu jaribu jambo moja. Chukua kalamu yenye kifuniko. Kalamu ishike mkono mmoja, kifuniko mkono wa pili, nyoosha mikono mbele yako, kisha fumba jicho moja. Sasa ilete kalamu kutoka upande na uivike kifuniko kwa mwendo mmoja, bila kupapasa. Kuna uwezekano mkubwa kalamu ikapita mbele ya kifuniko, au nyuma yake. Fungua macho yote mawili, rudia. Safari hii inaingia.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1838 na mwanasayansi wa Uingereza, Charles Wheatstone, aliyekuwa profesa King's College, London. Macho yetu mawili yametengana kwa sentimita sita na kidogo, kwa hiyo kila jicho linapata picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo unazilinganisha picha hizo mbili na kutokana na tofauti hiyo unakadiria umbali. Wheatstone alithibitisha hilo kwa kifaa chenye vioo viwili: akachora michoro miwili bapa, kila jicho likaoneshwa wake, na mtazamaji akaona umbo lililojitokeza mbele yake kana kwamba angeweza kulishika. Mitambo yote nitakayoitaja leo, hata ile ya mamilioni ya dola, imejengwa juu ya ugunduzi huo.

Sasa, upasuaji wa matundu ulizaliwa na jicho moja. Mwaka 1901 daktari Georg Kelling wa Dresden, Ujerumani, alijaza hewa tumboni mwa mbwa na kuchungulia ndani kwa bomba jembamba lenye lenzi. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, Sweden, akaripoti kufanya uchunguzi wa namna hiyo kwa binadamu. Kwa miongo mingi iliyofuata kazi ilifanyika hivyo: daktari kainama, jicho moja kwenye bomba, la pili limefumbwa, na wasaidizi wake hawaoni chochote. Katika hali hiyo Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa matundu mwaka 1980, na mwaka 1985 mwenzake wa Böblingen, Erich Mühe, akatoa kifuko cha nyongo. Wote wawili walipingwa vikali na madaktari wenzao.

Kilichobadilisha mambo ni kamera ya video. Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, alipotoa kifuko cha nyongo kwa msaada wa video mwaka 1987, picha iliyokuwa siri ya jicho moja ikawa mali ya chumba kizima. Msaidizi akaona cha kushika, muuguzi akajua kifaa kipi kinafuata, mwanafunzi akajifunza. Miaka michache baadaye upasuaji huu ulikuwa umeenea Ulaya na Marekani, na haukuwa na haja ya kutangazwa sana, kwa sababu wagonjwa wenyewe waliutaka. Aliyekuwa akilazwa wiki nzima na kovu refu chini ya mbavu sasa alirudi nyumbani kesho yake, ana plasta nne ndogo.

Lakini angalia kilichobaki vilevile. Kamera ilikuwa na lenzi moja. Chumba kizima kilikuwa kinaona, ila kilikuwa kinaona kwa jicho moja.

Utaniuliza, basi madaktari waliwezaje, na wengi wao wanawezaje mpaka leo? Maana ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa matundu duniani bado inafanywa kwa picha bapa, na inafanywa vizuri. Jibu ni kwamba ubongo una njia nyingine za kukadiria kina. Kitu kilicho mbele hufunika kilicho nyuma. Chombo kikisogelea kamera kinaonekana kikubwa. Mwanga unatupa kivuli, japo tumboni kivuli ni hafifu kwa sababu taa na kamera vinakaa kwenye fimbo ileile. Kamera ikisogezwa kidogo, vya karibu vinahama haraka kuliko vya mbali. Na daktari akiwa na shaka, anagusa: anapeleka ncha ya koleo taratibu mpaka nyama ibonyee, hapo anajua amefika. Mzoefu anayafanya hayo bila kuyafikiria. Anayejifunza anatoka jasho.

Mahali pa kuliona hilo waziwazi ni kwenye kushona. Mfikirie daktari anayetaka kuunganisha sehemu mbili za utumbo. Sindano yake imepinda nusu duara, na uzi una unene wa unywele au zaidi kidogo. Vyombo vyake ni virefu zaidi ya rula ya shule, na vinapita kwenye vijibomba vilivyobana ukutani mwa tumbo, kwa hiyo vinafanya kazi kama kasia la mashua: mpini ukienda kushoto, ncha huko ndani inakwenda kulia. Kwanza aigeuze sindano mpaka ikae wima kwenye koleo. Achome mahali alipopanga, milimita moja isizidi isipungue. Aitoe upande wa pili. Kisha auzungushe uzi kwenye koleo mara mbili na kuukamata mkia wa uzi kwa ncha za koleo hilohilo. Kwenye picha bapa mkia wa uzi na koleo vinaonekana vimegusana, anafumba koleo, limekamata hewa. Anasogea mbele, anafumba tena, hewa. Mara ya tatu anaupata, na ule mzunguko wa kwanza umeshafunguka. Ni hapo jicho la pili linapotamaniwa.

Kuna eneo jingine ambako watu wengi waliamini kuwa jicho la pili lingeokoa maisha, nalo ni kifuko cha nyongo. Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema leo.

Kifuko cha nyongo kinaning'inia chini ya ini. Kina mrija wake mwembamba unaokiunganisha na mrija mkuu, ule unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini hadi utumboni. Daktari anayetoa kifuko kwa sababu ya mawe anatakiwa akate mrija ule mdogo na mshipa wa damu wa kifuko, basi. Mrija mkuu usiguswe. Tatizo ni kwamba msaidizi anapokivuta kifuko ili nafasi ipatikane, mrija mdogo unaweza kunyooka ukawa mstari mmoja na mrija mkuu. Kukiwa na uvimbe na mafuta, mrija mkuu unaweza kuonekana kuwa ndio mdogo. Daktari anaubana kwa klipu, anaukata, na anaendelea na kazi akiwa na utulivu kamili, kwa sababu machoni pake kila kitu kiko sawa.

Mgonjwa wa namna hiyo anaamka, anaenda nyumbani, na baada ya siku chache tumbo linaanza kujaa, homa inapanda, macho yanakuwa ya manjano. Kumrekebisha ni operesheni kubwa, ambamo kipande cha utumbo mwembamba huinuliwa kikaunganishwa na kilichobaki cha mrija karibu na ini, na matatizo yanaweza kumfuata kwa miaka.

Mwaka 2003 Lawrence Way, Lygia Stewart na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchambuzi wa ajali 252 za mrija wa nyongo zilizotokea katika upasuaji wa matundu. Walitazama video na kusoma maelezo ya operesheni, wakiwa na swali moja: daktari alikuwa anawaza nini alipokata? Walikuta kwamba katika asilimia 97 ya ajali hizo chanzo kikuu kilikuwa mazigazi ya macho, yaani daktari aliona kitu kimoja na ubongo wake ukamwambia ni kingine. Ajali zilizotokana na mkono kukosa ustadi zilikuwa asilimia 3. Na wengi hawakugundua kosa wakiwa bado mezani.

Ukizisikia takwimu hizo, wazo la kwanza linalokuja ni kwamba dawa imepatikana. Kama tatizo ni macho, basi tuwape madaktari macho mawili. Wengine walikuwa wameshawaza hivyo miaka mingi kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mitambo ya kwanza ya picha za pande tatu ilikuwa imeanza kuingia vyumba vya upasuaji, na ilikuwa mizigo. Skrini moja ilionesha picha ya jicho la kushoto na la kulia kwa zamu, haraka sana, na daktari alivaa miwani yenye vioo vilivyojifunga na kujifungua kwa kufuata zamu hiyo. Mwanga mwingi ulipotelea kwenye miwani. Picha ilikuwa ya giza, chembechembe zinaonekana, na skrini ilicheza machoni.

Huko Dundee, Uskoti, George Hanna, Sami Shimi na Alfred Cuschieri waliamua kupima badala ya kubishana. Walichukua operesheni 60 za kutoa kifuko cha nyongo, wakazigawa kwa bahati nasibu, nyingine zikafanywa kwa picha bapa na nyingine kwa picha ya pande tatu. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1998. Hapakuwa na tofauti, si katika muda wala katika makosa. Kilichojitokeza ni kwamba waliotumia mtambo mpya walilalamika zaidi macho kuchoka na kichwa kuuma. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, ukitaja pande tatu kwa madaktari wengi wa matundu, walikuwa wanatikisa kichwa.

Mimi nauheshimu sana utafiti ule wa Dundee. Ulikuja wakati makampuni yanasukuma bidhaa, ukauliza swali ambalo kila mnunuzi angepaswa kuliuliza: mgonjwa anapata nini?

Baadaye vifaa vilibadilika kweli. Laparoskopu ya kisasa ya pande tatu ni fimbo ya kamera yenye unene wa milimita 10 hivi. Kwenye ncha yake, badala ya lenzi moja, kuna lenzi mbili ndogo zilizotengana kwa milimita chache, na kila moja ina kihisi chake cha picha palepale nchani. Kule nje skrini inaonesha picha mbili kwa wakati mmoja, mstari mmoja wa jicho la kushoto, unaofuata wa jicho la kulia, na miwani mepesi isiyo na betri inachuja mwanga ili kila jicho lipate mistari yake. Kuna gharama yake: skrini ya kawaida yenye mistari 1,080 inalipatia kila jicho nusu tu ya mistari hiyo. Skrini za 4K zilipokuja, zenye nukta mara nne, tatizo hilo likapungua.

Wanaofanya kazi na mitambo hii watakwambia ina tabia zake ambazo kwenye matangazo huzisikii. Tone moja la damu likidondokea lenzi moja kati ya mbili, jicho moja linaona safi na jingine linaona wekundu, na ubongo unagoma kuziunganisha. Lazima fimbo itolewe na kusafishwa. Kamera ikisogezwa karibu mno na nyama, picha zinaachana na daktari anaanza kuona viwili viwili. Msaidizi anayeishika kamera akitetemeka, kwenye picha bapa ni kero, kwenye pande tatu ni kichefuchefu. Daktari wa usingizi akiinua macho bila miwani anakuta ukungu.

Na kuna jambo la pembe, ambalo mimi lilinivutia kuliko yote. Laparoskopu ya kawaida inatazama kwa upande, mara nyingi kwa pembe ya digrii 30. Msaidizi anaizungusha fimbo ili kuchungulia nyuma ya kiungo, huku kamera yenyewe akiishika wima. Lakini fimbo yenye lenzi mbili nchani ukiizungusha robo duara, lenzi moja inapanda juu ya nyingine, wakati macho ya daktari bado yamekaa sambamba usoni. Kina kinapotea papo hapo. Watengenezaji wamelazimika kubuni fimbo yenye ncha inayojipinda ili itazame kila upande bila kuzunguka.

Roboti ililitatua suala la macho kwa njia yake. Mtambo wa da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2000, unamkalisha daktari pembeni kwenye kiti, anaingiza uso kwenye kidirisha, na kila jicho linapewa picha yake lenyewe, bila miwani. Mikono yake inaongoza mikono ya mashine. Roboti haiamui kitu. Madaktari waliozoea picha yake ni vigumu kuwarudisha kwenye picha bapa. Tena walilazimika kuyategemea macho kuliko kawaida, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 20 roboti hiyo haikumrudishia daktari hisia ya mkono: alijua uzi umekaza kwa kuutazama unavyonyooka na jinsi nyama inavyobadilika rangi. Toleo lililoidhinishwa mwaka 2024 ndilo lililoanza kumpa daktari hisia ya nguvu anayoitumia. Bei ya roboti moja inapita dola milioni moja za Marekani, na baada ya hapo kuna vifaa vya kubadilisha na mkataba wa matengenezo wa kila mwaka. Mtambo wa pande tatu usio na roboti ni nafuu zaidi kwa mbali, na ndio unaoweza kufikiriwa na hospitali ya rufaa ya kawaida.

Je, vifaa hivi vipya vinamsaidia mgonjwa? Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa aina hii barani Ulaya, EAES, kilikusanya wataalamu wakapitia tafiti zilizokuwepo. Walipendekeza picha ya pande tatu kwa sababu inapunguza muda wa operesheni, ingawa walikiri kwamba ushahidi wa hilo si mzito. Kuhusu madhara kwa mgonjwa, walisema kwa msisitizo kwamba utafiti madhubuti zaidi unahitajika. Nayatafsiri hivi: mkono unafanya kazi haraka na kwa uhakika zaidi, hasa kwenye kushona, na anayejifunza anashika kazi mapema. Hilo ni jema, silidharau. Dakika zinazookolewa chini ya dawa ya usingizi ni faida kwa mgonjwa, na daktari asiyechoka ni faida pia.

Lakini lile kosa la mrija wa nyongo liko mahali pengine. Daktari aliyekata mrija mkuu aliuona. Aliuona vizuri, umejaa kwenye skrini, unang'aa. Alichokosea ni jina lake. Unaweza kumpa kina, ukampa nukta milioni nane, na bado akauita mrija mkuu mrija mdogo, kwa sababu akili ikishaamua kitu ni hiki, inatafuta vya kuithibitisha na kuvipita vinavyoipinga. Kina kinamwonesha kitu kiko umbali gani. Kutambua ni kitu gani ni kazi nyingine, na kazi hiyo ina kanuni yake.

Kanuni hiyo ilipewa sura mwaka 1995 na Steven Strasberg wa St. Louis, Marekani. Anasema hivi: usikate chochote mpaka mambo matatu yatimie. Mafuta na nyuzi zote za pembetatu iliyo kati ya kifuko, mrija na ini ziondolewe, paonekane wazi. Sehemu ya chini ya kifuko itenganishwe na ini kwa kiasi cha theluthi moja. Kisha vionekane vitu viwili, na viwili tu, vinavyoingia kwenye kifuko. Vikiwa vitatu, simama. Kukiwa na ukungu wa uvimbe usioelezeka, simama, mwite mwenzako, au fungua tumbo kwa njia ya zamani, wala hakuna aibu. Kanuni hii haina bei. Inafanya kazi kwenye picha bapa na kwenye pande tatu, Boston na Bukoba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Picha ya pande tatu ni chombo kizuri cha kushonea. Kama hospitali yetu ina madaktari wanaounganisha utumbo, wanaorekebisha mirija ya mkojo au wanaoshona kizazi kwa matundu, na wanafanya hivyo kila wiki, mtambo huo una kazi ya kufanya na nitaunga mkono ununuliwe. Lakini kama hospitali inatoa vifuko vichache vya nyongo kwa mwezi, gesi ya kaboni dayoksaidi ya kujazia tumbo inakosekana, taa ya laparoskopu imechoka, na fundi wa kuitengeneza anasubiriwa kutoka nje ya nchi, basi skrini ya pande tatu itakuwa pambo la gharama kubwa. Nani asiyejua stoo ya hospitali yenye mashine iliyofunikwa nailoni kwa sababu kipuri kimoja hakipatikani?

Kabla ya skrini, tununue mazoezi. Sanduku la mazoezi ni kitu rahisi: boksi lenye matundu, kamera ndogo, taa na skrini yoyote. Ndani yake daktari anayejifunza anahamisha vipande sita vya mpira kutoka kigingi hadi kigingi, anakata duara kwenye kitambaa bila kutoka nje ya mstari, anafunga mafundo. Hayo ndiyo mazoezi yanayotumika kuwapima madaktari wa upasuaji Marekani, na fundi seremala wa mtaani anaweza kuunda boksi lenyewe. Anayefunga fundo kwa jicho moja mara mia kwenye boksi hawezi kupotea akipewa macho mawili.

Na sehemu za kujifunzia zinatukaribia. IRCAD, taasisi iliyoanzishwa Strasbourg, Ufaransa, na Profesa Jacques Marescaux mwaka 1994, ambayo imewafundisha madaktari wa dunia nzima upasuaji wa matundu, ilifungua kituo chake cha Afrika jijini Kigali Oktoba 2023. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kina makao yake Arusha. Daktari wa Kigoma au wa Mbarara hahitaji tena viza ya Ulaya ili ashike vyombo hivi chini ya mwalimu anayejua. Wizara zetu zikitenga fedha za kuwapeleka madaktari na wauguzi pamoja, timu nzima, fedha hizo zitarudi.

Nina ombi moja pia kwa watakaonunua. Wapimeni macho madaktari kabla ya kusaini. Wapo watu wenye macho yanayoona vizuri kila moja, lakini ubongo wao hauunganishi picha mbili kuwa kina, pengine kwa sababu ya makengeza ya utotoni. Wengi wao hawajui. Kwao skrini ya pande tatu haina faida yoyote, na wanaweza kuwa wapasuaji hodari sana kwenye picha bapa, kwa kuwa maisha yao yote wamekadiria umbali kwa njia nyingine. Kipimo chake ni cha dakika chache, kwa kitabu cha picha na miwani. Mkitaka kulinganisha mitambo, mleteni muuzaji na mtambo wake, madaktari wenu washone juu ya sanduku la mazoezi mchana kutwa, na mhesabu mafundo.

Nimalizie na wewe uliyeandikiwa upasuaji wa kutoa mawe ya nyongo. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, muulize daktari wako: ameshafanya operesheni hii kwa matundu mara ngapi? Anahakikishaje kwamba mrija anaoukata ndio wenyewe? Ikionekana vigumu, yuko tayari kufungua tumbo, na nani atamsaidia? Ni haki yako, na daktari anayeijua kazi yake atakujibu bila kununa. Ukisharudi nyumbani, maumivu kidogo ya mabega kwa sababu ya gesi ni kawaida, yataisha. Lakini tumbo likianza kujaa na kuuma zaidi badala ya kupungua, ukapata homa, au watu wakakwambia macho yako yamekuwa ya manjano, usisubiri tarehe ya kliniki. Rudi hospitali siku hiyohiyo.